Lalamiko Lenye Risiti Halipuuzwi: Haki Yako katika Bei na Ubora wa Umeme na Maji

Maelezo ya Afisa wa Kitengo cha Mawasiliano Serikalini katika mkutano wa hadhara, Kata ya Namawala



Kila nifikapo katika kata zetu huulizwa swali moja: ni nani anayepanga bei ya umeme na maji?

Tuanze na umeme. TANESCO haijipangii bei. Hupeleka maombi EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. EWURA hupitia gharama, husikiliza wananchi na wadau wengine, kisha hutoa uamuzi. Mwaka 2016 TANESCO iliomba bei ipande kwa asilimia 18.19, EWURA ikaidhinisha asilimia 8.53. Bei hiyo ilikuwa ianze Januari 1, 2017, lakini Serikali iliisitisha. Kwa hiyo, ndugu zangu, bei ya umeme huombwa, huhojiwa na huweza kukataliwa.

Wengi husema mita "inakula" uniti. Kwa bei zilizotangazwa Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa kila uniti, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Ndiyo maana anayevuka kiwango hicho huona fedha ileile ikimpa uniti chache. Kabla ya kuilaumu mita, hesabu manunuzi yako ya mwezi mzima.

Kwa maji ya vijijini, msimamizi ni RUWASA, iliyoanza kazi Julai 1, 2019. Chini yake viko vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Fedha mnazolipa kisimani ndizo zinazonunua vipuri, kuendesha pampu na kumlipa fundi. Mnayo haki ya kusomewa mapato na matumizi yake. Bomba likikauka wiki nzima na fedha zinakusanywa, ulizeni mkutanoni.

Mzee mmoja alinijia akidai alitoa fedha za kuunganishiwa maji na hakuunganishiwa. Nilimwomba risiti, hakuwa nayo. Alimpa mtu mkononi. Niliamini maneno yake, lakini hatukuwa na pa kuanzia.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. Kwanza, lipeni kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali na mtunze risiti. Pili, lalamiko lianze kwa mtoa huduma, kwa maandishi, lenye tarehe, nanyi mbaki na nakala. Tatu, asipowatendea haki, pandeni ngazi: la umeme lipelekeni EWURA, la maji lipelekeni ofisi ya RUWASA ya wilaya. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Asiyejua kuandika afike kwa Mtendaji wa Kijiji, asaidiwe.

Ndugu wananchi, kulipia huduma ni wajibu wetu, na kupata huduma inayolingana na malipo ni haki yetu. Aliyelipa na kutunza risiti anadai kwa sauti ya sheria.