Mulango Ufunguke Kuume: Maneno Yetu kwa Vijana wa Nguba

 

Leo hatukuje kuongea umeme wala maji. Tunaongea kitu chenye tunashika asubuhi na mangaribi: mulango wa taxi-bus.

Kwanza tuelewane juu ya njia. Congo, Rwanda na Burundi tunatembea kuume, desturi ya wakati wa Wabelgiji. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia wanatembea kushoto, sawa Waingereza. Japani nao wanatembea kushoto, na gari nyingi zenye watu wetu wanaweza kununua zinatoka kule, volani iko kuume. Njo maana huku Bukavu njia ni ya kuume, na volani nayo ni ya kuume.

Tuliuliza mashofa wa makamyo, wale wenye wanafika mpaka Mombasa na Dar es Salaam. Ukitoka Tanzania na kuingia Rwanda ku Rusumo, unabadilisha upande wa njia. Ukitoka Uganda na kuingia kwetu ku Kasindi ao Bunagana, ni vilevile. Volani yako haibadilike. Na wao wenyewe hawapatane. Wenye volani ya kuume wanasema: huku milimani, ku Ngomo, tunaona vizuri fasi tairi inakanyaga ku ukingo. Wenye volani ya kushoto wanajibu: ni kweli, lakini wakati wa kupita kamyo ingine unaona nini? Mugongo wake tu. Lazima konvoyeri atoe kichwa inje akwambie "pita" ao "bado". Na kule Mombasa, shofa mwenye volani ya kushoto anapata taabu ile ile. Taabu inakuja wakati volani na njia havipatane.

Turudie hapa Nguba. Shofa wa kamyo iko na konvoyeri wa kumwangalilia. Wewe abiria uko na nani? Hiace yenye ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, mulango wake unafunguka kushoto, juu kule kushoto njo kando ya njia. Kwetu kushoto ni katikati ya njia. Mama mwenye anatoka soko ya Kadutu na muzigo, mutoto wa shule na begi ku mugongo, wanashukia fasi mapikipiki na makamyo yanapita. Na shofa amekaa upande wa mutaro, hawaone vizuri.

Kuna wenye watasema: serkali ikataze gari zile zote. Rwanda ilikataza volani ya kuume ku 2005. Siye hatuombe vile. Familia ngapi zinakula ku volani ya kuume? Kijana mwenye diplome yake iko ndani ya sanduku, na anaendesha taxi ya mutu mwingine apate kulipa nyumba, ule ni mwenzetu. Na tunajua katazo la gafula linageuka nini huku: franga kidogo kidogo ku barabara, gari inaendelea, mulango unabaki kushoto.

Muangalie Uswidi. Mbele ya 1967 walikuwa wanatembea kushoto, na gari zao nyingi zilikuwa na volani ya kushoto. Shida yetu, lakini kwa kugeuza. Ku 1955 raia waliulizwa, na wengi sana walikataa kubadilisha. Hata hivyo, tarehe 3 Septemba 1967 inchi nzima ilihamia kuume, na mabasi ya zamani karibu 8,000 yalitengenezwa upya yapate milango pande zote mbili. Samoa nayo, ku 2009, ilitoka kuume ikaenda kushoto, ili raia wapate gari za bei ya chini za Japani, Australia na New Zealand. Inchi hizo zilikaa chini, zikachagua. Siye bado.

Hatuombe njia ihame. Tunaomba mambo tatu. Ya kwanza: kila gari ya kubeba watu ipate mulango wa kuume, na ule wa kushoto ufungwe. Mafundi wa chuma tuko nao hapa hapa. Wenye gari wapewe muda, na taksi zenye wanalipa ku parking zisaidie kazi ile. Ya pili: fasi za kushukisha watu zijulikane, na ziwe inje ya njia. Ya tatu inatuangalia siye: mupaka milango ibadilishwe, konvoyeri ashuke wa kwanza, asimamishe mapikipiki, kisha mutoto ashuke. Abiria akatae kushukia katikati ya njia, hata shofa akasirike.

Jumamosi, saa kumi na mbili ya asubuhi mupaka saa ine, tutasimama kando ya njia hapa Nguba na madaftari. Tutahesabu milango ya kuume, milango ya kushoto, na watu wenye wanashukia katikati. Hatutasimamisha shofa, hatutaandika namba ya gari ya mutu. Kati yetu kuna wenye walisoma statistiki na hakuna mwenye alishawaita ku kazi. Kazi njo hii. Hesabu tutaipeleka ku komine ya Ibanda na kwa mashofa wenyewe, na nakala moja tutaibandika hapa, kila mutu aisome.

Mukuje na kalamu.