KISUKARI CHA WATOTO: TUKITAMBUE MAPEMA

(Mada iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, muuguzi mstaafu, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

Miaka kumi si mchezo. Tulianza na sanduku moja lenye kufuli tatu, watu wakasema hawa watagombana kabla mwezi haujaisha. Leo waliosema hivyo wanakuja kuomba uanachama. (Makofi.)

Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya watoto. Nimechagua ugonjwa ambao wengi wetu tunadhani ni wa watu wazima wenye vitambi, yaani kisukari. Nimeuchagua kwa sababu ulishatupigia hodi humu humu kikundini.

Mnakumbuka mwaka wetu wa tatu. Mwenzetu mmoja, jina naliacha na mwenyewe ameniruhusu niseme, alikuwa na binti wa miaka 7. Mtoto alishaacha kukojoa kitandani siku nyingi, mara akaanza tena. Mama akamchapa. Mtoto akawa anakunywa maji kata kwa kata, usiku anaamka kutafuta mtungi. Anakula vizuri, lakini sketi ya shule inamvuka kiunoni. Bibi yake akaona sisimizi wamejaa pale alipokojoa, akasema mjukuu kafanyiwa jambo. Wakaenda zahanati moja, wakapewa dawa ya malaria. Siku ya tano mtoto anatapika, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Usiku ule Mweka Hazina alifungua sanduku, tukakodi gari. Hospitali walipompima, sukari ilikuwa juu hadi mashine ikashindwa kuisoma.

Alipona. Leo yuko kidato cha pili na sindano anajichoma mwenyewe. Lakini jamani, ingekuwa tumechelewa hadi asubuhi, sijui kama leo tungekuwa tunacheka hapa.

Sasa huu ni ugonjwa gani? Mwilini tuna kinga, kama askari wanaotulinda na vijidudu. Kwa watoto wengine askari hao wanakosea adui, wanaishambulia kongosho, mahali panapotengenezwa insulini. Bila insulini, sukari ya chakula haiingii mwilini kufanya kazi; inabaki kwenye damu na kutoka na mkojo. Ndiyo maana mtoto anakojoa sana, anasikia kiu na kukonda huku anakula.

Akina mama, sikilizeni vizuri hapa. Ugonjwa huu hauletwi na pipi wala chai ya sukari. Si uchawi, wala si mkosi wa ukoo wa mke. Kuna watoto wanaozaliwa na mwelekeo huo, na mambo mengine ambayo wataalamu bado wanayachunguza ndiyo yanayouamsha. Hata kwa ndugu wa damu wa mgonjwa, tafiti za Ulaya na Marekani zinaonyesha anaugua kama mmoja kati ya 20. Kwa hiyo yule mama aliyekuwa analia kwamba kamuua mwanawe kwa kumpa sukari, namwambia leo mbele yenu: mama, hukukosea.

Mtaniuliza, je, unazuilika? Watu wamejaribu. Watoto wachanga 2,159 wa nchi 15, wenye ndugu au mzazi mgonjwa, walifuatiliwa kwa miaka mingi kuona kama maziwa maalumu ya kopo yatawakinga. Majibu yalitoka mwaka 2018: hayakuwakinga. Huko Bavaria, Ujerumani, tangu 2015 watoto wadogo wanapimwa damu kutafuta dalili za wale askari waliokosea, kabla mtoto hajaugua. Na Marekani mwaka 2022 iliruhusu dawa iitwayo teplizumabu, ambayo huchelewesha ugonjwa kwa kama miaka miwili. Ni hatua kubwa, lakini bei yake ni kubwa mno kwa watu kama sisi.

Basi tukae tu? Hapana. Kuugua hatuwezi kukuzuia, ila kufa kwa kuchelewa tunaweza. Mji wa Parma, Italia, ulianza mwaka 1991 kubandika mabango shuleni na kwa madaktari wa watoto. Ujumbe ulikuwa mwepesi: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena, akinywa maji mengi na kukojoa sana, apimwe sukari. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliogundulika na kisukari, 78 walifika hospitali wakiwa katika ile hali mbaya ya kuhema na kutapika. Miaka iliyofuata walishuka hadi kama 12 au 13. Bango tu, akina mama! Na sisi tuna midomo.

Kwa hiyo nawaomba tushike haya:

1. Mtoto mwenye kiu kali, mkojo mwingi, kukonda na uchovu apelekwe kupimwa sukari siku hiyo hiyo. Ni tone moja la damu ya kidole.

2. Hata akikutwa na malaria, mwambie mganga, "Naomba na sukari apimwe." Sema hivyo hasa kabla hajatundikiwa dripu ya glukosi. Kuuliza si utovu wa adabu.

3. Akitapika, akihema kwa nguvu au akisinzia ovyo, ni hospitali moja kwa moja, hata usiku wa manane.

4. Akishaanza insulini, asiachishwe hata siku moja, si kwa mitishamba wala kwa maombi. Ombeni, lakini sindano iendelee. Kama hamna jokofu, chupa ikae kwenye mtungi wa udongo mahali pa baridi, mbali na jua na moto.

Mama Mwenyekiti, nina ombi moja kwa kikundi. Mfuko wetu wa jamii unatoa pesa ya msiba papo hapo, lakini pesa ya ugonjwa inasubiri kikao cha Jumamosi. Naomba tugeuze. Mtoto mwenye dalili hizi mama yake apewe nauli na pesa ya kipimo siku ile ile, kwa saini ya viongozi wawili, kikao kitaarifiwa baadaye. Sanduku hili lilishaokoa mtoto mmoja kwa bahati. Miaka kumi ijayo liokoe kwa utaratibu.

Kikundi hoyee!