Tiba kwa Sanaa Yataka Maandalizi, Kipaji Peke Yake Hakitoshi



Wilaya ya Korogwe ina somo ambalo wengi husikia jina lake bila kulitafakari. Kule Lutindi, juu katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 mahali hapo pakageuzwa kuwa pa kutunzia wagonjwa wa akili, na hadi leo Lutindi ni hospitali yao. Sehemu moja ya matibabu yake ni kazi: mgonjwa apatapo nafuu huenda shambani na hufanya kazi za mikono pamoja na wenzake. Mgeni alikuja kwa malengo yake, lakini funzo lililobaki ni mali ya wananchi: mtu aliyeshindwa kusema yaliyomo moyoni aweza kuanza safari ya kurudi kwa wenzake kwa njia ya mikono yake.

Tiba kwa kazi ina ndugu yake, nayo ni tiba kwa sanaa. Jina hili lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942, nalo hutajwa pamoja na Adrian Hill, mchoraji aliyelazwa kwa kifua kikuu akaona kwamba kuchora kulimpa nguvu yeye na wagonjwa wenziwe. Waingereza waliunda chama cha wataalamu wa kazi hiyo mwaka 1964, na Wamarekani wakaunda chao mwaka 1969. Mtaalamu humpa mgonjwa rangi, karatasi au udongo, hukaa naye, humsikiliza, na humsaidia kuitazama kazi aliyoifanya mwenyewe. Picha nzuri si shabaha ya kazi hiyo. Shabaha ni mtu.

Sasa wako vijana wanaopenda kuchora na wanaopenda kuwahudumia wenzao, nao huuliza waanzie wapi. Jibu la kweli ni kwamba njia ni ndefu. Uingereza na Marekani, mtu huingia katika taaluma hii kwa shahada ya pili. Shahada ya kwanza ni ya kutayarisha msingi, na msingi huo una nguzo mbili: ufundi wa sanaa wenyewe, na saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu. Baadaye hufuata mazoezi kwa wagonjwa chini ya macho ya mtaalamu aliyekomaa. Asiyejua kuchora atamwongozaje mwenzake penye rangi? Na asiyejua nafsi ya binadamu atafanya nini pale picha itakapofungua kidonda?

Hapa Tanzania nguzo hizo hazijengwi mahali pamoja, lakini zipo. Taasisi ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, hufundisha sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sanaa na saikolojia. Kule Moshi, KCMC hufundisha tiba kwa kazi. Mwanafunzi mwenye nia hana budi kuchagua masomo yake kwa mpango, akijaza kwa bidii nguzo ile anayoikosa, na kutumia likizo kujitolea penye wagonjwa, ajue mapema kama ana subira ya kukaa na mtu asiyesema neno.

Na asidhani kwamba elimu hii yote hutoka ng'ambo. Wazigua wa Handeni na Washambaa wa Usambara walifinyanga sanamu ndogo za udongo za kuwafundishia wari katika jando na unyago. Hans Cory alizikusanya na kuandika kitabu juu yake mwaka 1956. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na maana yake, na kungwi alijua lipi la kusema na wakati wa kulisema. Hayo yalikuwa mafunzo ya kuingia utu uzima, wala hayakuwa tiba ya wagonjwa. Lakini yanathibitisha kwamba wazee walijua udongo waweza kubeba neno ambalo ulimi huona haya kulitamka. Walijua pia kwamba kazi hiyo haikabidhiwi kila mtu. Kungwi alifunzwa kwanza.

Hapo ndipo penye hatari. Mwalimu anayeona mtoto amechora nyumba nyeusi, akatangaza mbele ya walimu wenzake kwamba kwao kuna ugomvi, amemdhulumu mtoto. Huenda kalamu iliyokuwapo ilikuwa nyeusi tu. Mchoro si cheti cha daktari. Kazi ya mwalimu ni kumpa mtoto nafasi ya kuchora, kumsikiliza kwa upole, kutunza siri yake, na anapoona dalili za taabu, kumfikisha kwa mganga wa hospitali. Mwenye ujuzi nusu huweza kumwumiza mnyonge kuliko asiye na ujuzi kabisa, kwa sababu mnyonge humwamini.

Wajibu basi ni wa wote. Walimu waache kasumba ya kumwambia mwanafunzi kuwa sanaa ni ya walioshindwa hesabu. Viongozi wa utumishi na wa afya wafikirie mahali pa kijana huyu katika ikama, maana kumsomesha mtu na kumwacha bila kazi ni kutupa mali ya umma. Wazazi nao waache kumficha ndugu mgonjwa ndani kama aibu ya ukoo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ipo, lakini sheria haiwezi peke yake kubisha hodi katika kila nyumba.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alidai kwamba kichwa na mikono visitenganishwe. Kijana anayejiandaa kwa tiba kwa sanaa anauchukua wito huo hadi penye kitanda cha mgonjwa. Asaidiwe kujiandaa kikamilifu, kwani mgonjwa anayemngojea ni mwananchi mwenye haki sawa na wengine wote.