Iandike Mara Moja, Itumie Kila Siku

Mazungumzo na wazazi na vijana wa darasa la kompyuta la Jumamosi

 

Wiki iliyopita mama mmoja aliniambia anataka kuacha darasa hili. "Mwanangu, Kiingereza chenyewe bado kinanishinda. Lugha ya kompyuta nitaiweza wapi?" Leo namjibu mbele yenu, maana najua hayuko peke yake.

Lugha tunayojifunza hapa inaitwa Python. Maneno yake maalumu hayafiki 40. Majina mengine mengi unayachagua mwenyewe, na yanaweza kuwa ya Kiswahili.

Sasa fikirieni ulivyomfundisha mtoto kusonga ugali. Siku ya kwanza ulimweleza kila kitu: maji, moto, unga, mwiko. Siku hizi unamwambia tu, "Songa ugali wa watu sita." Hiyo ndiyo fankisheni: kazi uliyoieleza mara moja, ukaipa jina, kisha unaiita kwa jina lake.

Kwa nini ni muhimu? Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilipofika Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, nilifanya kazi usiku kwenye ghala na mchana nikasoma chuo. Nikaandika programu ya kukagua mishahara ya nyumbani kwetu: wangu, wa mke wangu na wa mdogo wangu. Hesabu ile ile niliiandika mara tatu, na mwanzoni sikuweka ovataimu. Baadaye nikajua kwamba kwa sheria ya taifa, wafanyakazi wengi wanaolipwa kwa saa wakipita saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Nikarekebisha hesabu yangu na ya mke wangu. Ya mdogo wangu, iliyokuwa chini kabisa, ikanipita.

Wiki moja alifanya saa 46 kwa dola 16. Alilipwa dola 736. Alistahili 784 kabla ya kodi. Kompyuta yangu ikamwambia pesa ziko sawa, naye aliniamini. Ikawa hivyo miezi miwili, mpaka mwenzake kazini alipopiga hesabu kwa kalamu. Alipeleka karatasi zake za malipo ofisini, wakamlipa kilichobaki. Lakini kosa la kwenye programu lilikuwa langu.

Usiku ule nilifuta yote nikaandika hivi:

def mshahara(saa, kiwango):
    if saa > 40:
        ziada = saa - 40
        return 40 * kiwango + ziada * kiwango * 1.5
    return saa * kiwango

Neno def linaanza mafundisho. Ndani ya mabano ni vitu ambavyo fankisheni inapewa. Neno return linarudisha jibu. Nafasi mwanzoni mwa mistari msiziache. Ndizo zinazoonyesha mistari ipi iko ndani ya fankisheni. Sasa andika print(mshahara(46, 16)), utapata 784.0. Watu watatu, hesabu moja. Nikirekebisha, narekebisha mahali pamoja.

Ila tahadhari: fankisheni ikikosea, inakosea kwa wote. Ijaribuni kwanza na kalamu: saa 30, saa 40, saa 46.

Na moduli je? Ukihifadhi fankisheni hiyo kwenye faili linaloitwa malipo.py, faili hilo tayari ni moduli. Programu nyingine kwenye folda ile ile inaandika from malipo import mshahara, na kuitumia. Ni kama kuazima kinu kwa jirani. Huna haja ya kuchonga kingine. Python yenyewe inakuja na moduli nyingi. Moja inaitwa datetime, na inaweza kukuhesabia siku zilizobaki kabla kitambulisho chako hakijaisha muda.

Python ni bure. Kama nyumbani hamna kompyuta, njooni hapa Jumamosi.

Mama yangu, wewe umefundisha watoto watano kusonga ugali. Kazi ya kueleza jambo hatua kwa hatua unaijua kuliko mimi. Jumamosi ijayo njoo na karatasi yako ya malipo, tuikague pamoja.