Trekta Lisipowaka Asubuhi



Nchi ya Vuga, kama Usambara yote ya juu, ni nchi ya miteremko, na jembe la mkono ndilo linalopanda mlima. Trekta hupata kazi yake mabondeni, katika ardhi tambarare upande wa Mombo, na barabarani linapovuta tela la mazao. Kwa hiyo siku zake ni chache, na kila siku ina mwenyewe aliyekwisha kulipa. Trekta lisipowaka wakati wa masika, anayepata hasara ni mwanachama ambaye zamu yake imepita na mbegu yake ingali guniani.

Mara nyingi hasara hiyo huongezwa na papara. Mmoja hufungua nozeli, mwingine huagiza pampu mpya, na fedha za chama hutoka kabla ugonjwa haujajulikana. Ilhali injini ya dizeli haidai mengi. Haina plagi za cheche. Rudolf Diesel wa Ujerumani, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897, aliijenga juu ya kanuni moja: hewa ikibanwa sana hupata joto la kuwasha mafuta. Katika silinda hewa hubanwa hadi sehemu moja ya 16 ya ujazo wake, au chini ya hapo, na joto hupita nyuzi 500 za sentigredi. Basi maswali ni matatu: Je, injini inazunguka kwa kasi? Je, inapata mafuta safi? Je, inapata hewa na kuibana? Yaulizwe kwa utaratibu, kuanzia lisilogharimu kitu.

Kwanza, dereva aangalie kabla ya kushika spana. Gea iwe huru, kwani matrekta mengi yana swichi ya usalama inayoizuia stata gea ikiwa imeingia. Kizimio kilichovutwa jana kiwe kimerudishwa. Koki ya tangi iwe wazi, na mafuta yapimwe kwa kijiti safi.

Pili, betri. Asubuhi za Juni na Julai huku milimani zina baridi, na baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili kuwa nzito. Taa zikififia sana stata inapobonyezwa, vichwa vya betri visuguliwe na kukazwa, na maji yake yaangaliwe. Stata isishikiliwe kupita sekunde 15. Ipumzishwe dakika moja kabla ya kujaribu tena.

Tatu, mafuta. Injini ikizunguka vizuri bila kutoa moshi wowote, huenda mafuta hayafiki. Moshi mweupe huonyesha kuwa yanafika lakini hayaungui, kwa baridi au kwa mbano dhaifu. Hapa ndipo mlima unapodai ushuru wake: trekta lenye mafuta kidogo likiegeshwa mteremkoni, mafuta huhamia upande mmoja wa tangi na bomba huvuta hewa. Dawa yake ni kutoa hewa hiyo. Maji na uchafu vimwagwe kutoka kwenye filta. Skrubu ya juu ya filta ilegezwe, pampu ndogo isukumwe kwa mkono mpaka mafuta yatoke bila povu, kisha skrubu ikazwe. Vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli. Mwisho, nati za mabomba ya nozeli zilegezwe kidogo, stata izungushwe mpaka mafuta yatoke, zikazwe. Mkono usikaribie mafuta yanayoruka, kwani shinikizo lake hupenya ngozi.

Nne, chujio la hewa lisafishwe. Yote hayo yakishindikana, ndipo fundi aitwe. Pampu ya nozeli isifunguliwe chini ya mti.

Mambo mawili yapigwe marufuku. Mtu asiunganishe stata kwa bisibisi akiwa amesimama chini: trekta likiwaka ndani ya gea humkanyaga. Wala lisiachiwe kuteremka mlimani ili liwake. Likikataa na breki ikashindwa, hakuna wa kulizuia.

Limebaki jambo la kamati. Viko vyama ambavyo, kwa kuogopa wizi, humpimia dereva mafuta ya kazi ya siku moja tu. Jioni tangi hubaki karibu tupu, usiku unyevu hugeuka maji ndani yake, na asubuhi hewa imo katika mabomba. Kilichookolewa kwa lita chache hulipwa kwa siku nzima ya kulima. Wizi huzuiwa kwa daftari, si kwa tangi tupu. Tangi lijazwe jioni, trekta liegeshwe mahali tambarare, na lita, saa za kazi na kila hitilafu viandikwe, dereva na katibu wakitia sahihi. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.