Kijana Aliyeteka Maji Madyan

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Enyi ndugu Waislamu! Twakuusieni nyinyi, na twaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya vijana wetu waliokata tamaa. Twawajua, kwani ni wana wetu. Kijana amemaliza masomo, ameandika barua za kuomba kazi hata amechoka, na sasa hushinda barazani tangu asubuhi mpaka adhana ya Magharibi. Aulizwapo habari za kesho, husema, "Hata sijui." Sisi wazee huuita huo uvivu, tukamkaripia, na mara nyingi twamdhulumu. Ameona kwamba hapana mtu anayemhitaji, na asiyehitajiwa na mtu huiona dunia imemfungia mlango.

Basi na tumtazame kijana mwingine, ambaye habari zake zimo katika Sura ya 28, Al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) aliikimbia Misri akihofia roho yake, kwani alikuwa ameua mtu pasi na kukusudia, na wakubwa wa nchi walikuwa wakishauriana wamwue. Akafika Madyan, mgeni, hana kazi wala kwao. Kisimani akawakuta wachunga wakinywesha wanyama wao, na kando wanawake wawili wakiwazuia wa kwao wasisogee. Akawauliza wana nini. Wakamweleza kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachunga waondoke, na baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Hakutaja ujira. Kisha akarudi kivulini, akamlalamikia Mola wake kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Zingatieni, ndugu zetu, huo mpango wa mambo. Yeye mwenyewe alikuwa na shida kuliko wale aliowasaidia, wala hakungoja mambo yake yatengenee kwanza. Na alipoomba dua, aliomba kama mtu ambaye mikono yake imekwisha kufaa kitu. Kisha mmoja wa wale wanawake akaja, akitembea kwa haya, kumwita kwa baba yake; na ndiye aliyemshauri baba amwajiri, kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Alizijuaje sifa hizo kwa mgeni? Alimwona kazini. Hapo Musa akapata amani, na kazi, na mke.

Na hapa pana neno ambalo baadhi yetu hatulipendi. Yule mzee hakusema kuwa kijana amejitolea, basi yatosha. Alimwita ili amlipe ujira wa kunywesha. Wako wenye mali wanaowatumikisha vijana miaka na miaka bila ya senti, wakiita hiyo kujitolea. Hiyo ni dhuluma, na ndiyo inayowazidishia vijana wetu kukata tamaa.

Nanyi vijana, visima viko hapa hapa mtaani. Msiba ukitokea, yatakiwa mikono ya kuchimba kaburi. Mitaro yataka kuzibuliwa kabla ya masika. Yuko mtoto wa jirani aliyeshindwa na hesabu ambazo wewe wazijua. Hospitali zahitaji damu, na uliyoitoa asubuhi huenda ikamwokoa mzazi ambaye hutamjua kamwe. Pwani yetu yataka mikoko, na imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliagiza kwamba hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Hatukuahidini kuwa ajira itakuja kesho yake. Musa naye, alipokuwa akivuta ndoo, hakuahidiwa kitu.

Ewe Mola wetu, wateremshie vijana wetu kheri kama ulivyomteremshia Musa kivulini, na utupe sisi wazee macho ya kuwaona wanapofanya kazi. Amin.