Chaji ya Simu ya Ndugu Asiyeona
(Mawaidha kwa vijana wa Mwakirunge, Kisauni, baada ya Swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Leo nataka tuzungumze juu ya chaji ya simu. Najua wengine mwacheka, lakini ngojeni kidogo.

Sote tumesoma madrasani habari za Abdullah ibn Umm Maktum (R.A.), sahaba asiyeona. Katika Ramadhan Bilal (R.A.) aliadhini usiku ungalipo, na watu wakaendelea kula daku mpaka waisikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Naye hakuiona alfajiri. Alingoja aambiwe kuwa kumekucha, ndipo aadhini. Hebu tafakari, ewe ndugu yangu. Hakupewa sadaka akaketishwa kando. Alipewa kazi kubwa, akasaidiwa lile moja tu asiloliweza.

Leo anayemwambia ndugu asiyeona kuwa kumekucha mara nyingi ni simu yake. Zamani, simu za vitufe zilikaa na chaji siku kadhaa, na nyingi zilikuwa na kijinundu kwenye nambari 5, basi alipiga kwa kupapasa tu. Lakini ujumbe ukiingia, hata wa M-PESA iliyoanza mwaka 2007, ilibidi atafute wa kumsomea. Mwaka 2009 simu za Android zikapata TalkBack, na iPhone ikapata VoiceOver. Simu yenyewe yamsomea kwa sauti: akigusa mara moja yamtajia alichogusa, akigusa mara mbili haraka yafungua. Alhamdulillahi. Ila simu hizi zataka chaji kila siku, na betri ikichoka haifiki hata Magharibi. Mimi na wewe ikizima twakasirika tu. Yeye amepoteza saa yake na msomaji wake kwa mpigo mmoja.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, kioo. Mwanga wa kioo ni katika vitu vinavyokula chaji sana, na asiyeona kabisa hana haja nao. Muulize, kwani wako wanaoona kidogo, kisha umpunguzie mpaka mwisho. VoiceOver yaweza kuzima kioo kabisa na sauti ikaendelea. Hapo pana sitara pia: aliyekaa kando yake kwenye matatu hatamsomea ujumbe wake.

Pili, betri. Betri hizi hazipendi joto, na joto la Mombasa twalijua. Simu isiachwe juani, wala isichajiwe chini ya mto. Betri iliyochajiwa mamia ya mara hupungua nguvu. Pengine ahitaji betri mpya tu, si simu mpya. Na iliyofura ipelekwe kwa fundi, isitobolewe wala kutupwa. Sisi wa Mwakirunge twajua taka za mji zaishia wapi, na ni kina nani wanaozichokora kwa mikono.

Tatu, usimguse mambo yake bila idhini. Hili nalisema kwa aibu. Ramadhan moja niliichukua simu ya mzee mmoja wetu asiyeona. Nilipoona yasema kila ikiguswa, nikaona yala chaji bure, nikaizima ile sauti nikidhani namsaidia. Usiku ule chaji ilikuwepo, lakini simu ilikuwa bubu. Mzee akaipapasa mpaka alfajiri, akaona haya kuamsha watu, akafunga bila daku. Alasiri ndipo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, jana uliifanya nini simu yangu?" Wallahi sikuwa na jibu. Basi jueni: kwenye simu nyingi za Android, njia hiyo ikiwa imewekwa, ukibonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde 3, TalkBack hurudi.

Nne, amana. Usimwombe nambari yake ya siri ya M-PESA ati umtumie pesa. Mfundishe atume mwenyewe, akisikiliza kwa iafoni. Na akiwa njiani aweke sikio moja tu, la pili limsikilizie malori ya taka.

Wala tusidhani hii ni hisani yetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na kutumia Breli au njia nyingine ya mawasiliano imfaayo. Kama ni haki yake kwa sheria, vipi sisi majirani zake tushindwe hata kumpisha kwenye soketi?

Ndugu zangu, tukitoka Tarawehe tuwe na mazoea ya kumuuliza, "Mzee, chaji ipo?" Kama una pawabanki, mwazime alale nayo. Na stima ikipotea usiku kucha, basi wewe nenda ukambishie hodi umwambie daku imefika. Siku hiyo wewe ndiye simu yake.

Allah atutakabalie funga zetu na atusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua. Amin. Wabillahi tawfiq, Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.